Mpiga Besi Asiye na Waya

Wewe unayetoka ukumbini umebeba viatu mkononi kwa kucheza, unaweza kunieleza sura ya mpiga besi aliyekuchezesha?

Huwezi. Usijitetee. Mwimbaji unamkumbuka mpaka rangi ya shati. Mpiga gitaa la solo unamkumbuka kwa sababu alifumba macho na kukunja uso kama mtu anayeng'olewa jino. Mpiga dramu unamkumbuka kwa jasho lake. Lakini yule aliyesimama nyuma, karibu na spika kubwa, ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, yule hukumwona. Kiuno chako ndicho kilichomwona. Besi ikiwepo unadhani ni wewe unayejua kucheza. Isipokuwepo unarudi kukaa, na huwezi kusema kwa nini.

Mjomba wangu ni mmoja wa watu hao. Bendini walimpa jina la Nguzo, na hata mkewe humwita hivyo akiwa na furaha naye. Nimekaa kwao tangu nilipomaliza chuo. Chuo kilinipa shahada na hasira, kazi bado. Basi nikawa naongozana na mjomba kwenye maonyesho, namsaidia kubeba, nakaa pembeni nasikiliza. Ninayoyaandika hapa sikuhadithiwa. Niliyaona, na waliomfanyia wanaendelea kupigiwa makofi hadi leo.

Nianze na gitaa, maana bila gitaa hutaelewa kilichoibwa.

Kwenye bendi ile vyombo vyote vilikuwa vya Bosi. Bosi ndiye mwimbaji, ndiye kiongozi, na ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Onyesho likiisha, magitaa, dramu, spika, waya, kila kitu kinaingia stoo, kufuli linafungwa, ufunguo unaingia mfukoni mwake. Mwanamuziki anarudi nyumbani mikono mitupu. Ukitaka kufanya mazoezi, fanya kwa kushika ufagio. Ukipata kazi mahali pengine siku ambayo bendi imepumzika, huna cha kupigia. Na ukithubutu kuuliza kwa nini mmesafiri kutwa nzima bila chakula, Bosi alikuwa na neno lake moja tu: "Weka gitaa chini." Unaliweka. Kesho yake kuna mtu mwingine amelivaa.

Na gitaa lenyewe la besi lilikuwa balaa. Shingo imepinda, nyuzi zimekaa juu kiasi kwamba unabonyeza kwa kusaga meno, tundu la kuchomekea waya limelegea mpaka linakwaruza kila ukigeuka. Mjomba alilipiga hivyo hivyo kwa miaka. Vidole vyake vilikuwa na sugu kama visigino.

Siku alipoamua kununua lake, hakukurupuka. Alizunguka maduka ya vyombo vilivyotumika, nami nikimfuata. Wauzaji walikuwa wakichomeka gitaa kwenye spika kubwa na kufungulia sauti mpaka vioo vinatetemeka. Mjomba anawaambia, "Chomoa."

"Mzee, utalisikiaje bila umeme?"

"Ndiyo nataka nilisikie. Spika yako siinunui."

Akilichukua likiwa kavu, analiegemeza kwenye taya, anapiga uzi mmoja na kusubiri ufe wenyewe. Mbao nzuri, aliniambia, sauti yake unaisikia kwenye meno. Kisha anafumba jicho moja na kuitazama shingo kwa urefu kama fundi seremala anayekagua ubao. Kisha anabonyeza kila chuma chembamba kilichokatiza shingo, uzi baada ya uzi, akitafuta mahali panapozizima au kulia kama nzi. Muuzaji anaanza kuangalia saa. Mjomba haangalii.

Mwishowe alilipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akipiga hotelini na sasa masikio yamechoka. Gitaa la rangi ya kahawia, zito, limechubuka pale mkono unapoegemea, lakini shingo imenyooka na sauti inakutafuta ulipo. Mjomba aliuza pikipiki yake ili alipate. Tulirudi kwa miguu, yeye na mfuko mgongoni, anatembea kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Mkaza mjomba alikuwa mlangoni. Alimtazama mumewe, akautazama mfuko, akatazama pale pikipiki ilipokuwa ikikaa.

"Umeuza kinachotubeba," akasema, "umenunua cha kubebwa."

"Mama, hiki kitatubeba wote."

"Haya, tutakaa upande gani? Huu wa nyuzi?"

Alicheka, lakini siku ile hakumpa chai. Baadaye akazoea, ingawa vita vya sufuria havikuisha. Nyuzi za besi ni ghali, na zikishaloa jasho na kushika uchafu zinanyamaza, zinatoa sauti ya kamba ya kuanikia nguo. Mjomba alikuwa akizifungua, anazichemsha kwenye maji, anazikausha kwa kitambaa, na zinaamka tena kwa muda. Mkaza mjomba anafunua sufuria jikoni na kuita, "Nguzo! Leo tunakula supu ya nyaya?" Akamtengea sufuria moja kuukuu, akamwambia akigusa nyingine atachemshwa yeye.

Kila baada ya onyesho, kabla hajavua viatu, alipangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, maana jasho linakula chuma polepole. Hakuliegemeza gitaa ukutani hata mara moja. Hakuliacha karibu na dirisha lenye jua. Shingo ikianza kujikunja kwa unyevu, alikuwa na ufunguo mdogo wa kukazia chuma kilichomo ndani yake. Anageuza kidogo sana, analiacha lilale, kesho yake anaangalia tena. "Mjomba," ananiambia (sisi tunaitana hivyo, mimi namwita mjomba na yeye ananiita mjomba), "mbao ukiilazimisha inakukubalia mbele yako, halafu inakugeuka ukiwa jukwaani."

Lakini faida kubwa ya lile gitaa haikuwa sauti. Faida ilikuwa kwamba sasa Bosi hakuwa na la kumwambia alipofungua mdomo. Weka gitaa chini? Gitaa ni langu, naliweka mgongoni naondoka. Na lile bovu la stoo hakuna mwingine aliyeliweza; bila mjomba hakuna onyesho. Kwa hiyo alifungua mdomo. Aliwasemea wenzake walipopangiwa maonyesho mfululizo bila kulala. Alimsemea mpiga dramu, aliyeitwa Kishindo, rafiki yake wa tangu ujanani, aliyekuwa akiingia nyumbani kwetu bila hodi na kujichotea maji mwenyewe. Kishindo alipoteguka mkono, Bosi alitaka kumtoa. Mjomba akasema mbele ya watu wote, "Akitoka Kishindo, natoka na mimi, na gitaa langu." Bosi akatabasamu, akasema alikuwa anatania. Kishindo alikaa hadi mkono ukapona.

Mtu ambaye hajapiga muziki hawezi kujua besi na dramu walivyo. Hao wawili wanaishi kama mke na mume. Mjomba alikuwa akisimama mahali ambapo Kishindo anaviona vidole vyake, na Kishindo alikuwa akivitazama onyesho zima. Mmoja akivuta pumzi, mwenzake anajua anaelekea wapi. Mimi nilikuwa nawaangalia na kujiambia kwamba, kwa ubishi wangu wote wa chuoni kuhusu umoja wa wafanyakazi, hapa ndipo nilipouona ukiwa hai.

Sasa njoo kwenye studio.

Bosi alikuja na wazo. Turekodi nyimbo zetu zote, alisema, kila mtu apige sehemu yake peke yake, tuhifadhi kazi, hata sisi tukiondoka duniani watoto wajue baba zao walifanya nini. Nani angekataa maneno kama hayo? Mjomba alifurahi kama mtoto. Alinunua nyuzi mpya kabisa, hakuchemsha. Alisafisha vyuma vya shingo hadi vikang'aa, akapaka mbao mafuta, akapeleka tundu la waya kwa fundi redio likachomelewa upya ili lisikwaruze hata chembe. Studioni alipiga kila wimbo kwa kufuata mlio wa tik-tik masikioni, na pale ambapo mimi nilisikia kila kitu kiko sawa yeye alisema, "Hapana, tuanze tena." Kwenye wimbo mmoja kidole chake kiliteleza na uzi ukatoa kilio kidogo, kama panya. Aliomba arudie. Bosi akasema, "Acha, Nguzo, hapo pametamu." Pakaachwa.

Muda mfupi baadaye mama yangu aliugua. Mjomba ni kaka yake wa pekee, kwa hiyo alifunga safari kwenda kumuuguza, nauli ilitosha mtu mmoja, akaniachia gitaa na maagizo marefu kuliko ya mtu anayeacha mtoto mchanga. Kila jioni Kishindo alimpigia simu. Dada anaendeleaje? Amekula? Mwambie tunamwombea. Mama alipopata nafuu, mjomba alirudi, na kazi ya kwanza ilikuwa sherehe ya kampuni moja kubwa, Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi mpya.

Tulifika mapema, kama desturi yake. Alipiga makofi katikati ya ukumbi mtupu na kusikiliza jinsi kuta zinavyojibu. Akapanda jukwaani, akafungua mfuko, akalivaa gitaa, akazipanga nyuzi kwa sikio. Kisha akaangalia chini miguuni pake. Fundi mitambo alikuwa amekwisha kulaza nyaya za kila mtu na kuzibandika sakafuni kwa utepe. Waya wa solo ulikuwepo. Wa kinanda ulikuwepo. Pale aliposimama mjomba, sakafu ilikuwa tupu.

"Fundi, waya wangu uko wapi?"

Fundi aliendelea kubandika utepe mahali palipokwisha kubandikwa. "Muulize Bosi."

"Bosi ndiye anayelaza waya siku hizi?"

Wenzake wakacheka, kicheko kifupi kisicho na afya. Kishindo alikuja, akakaa nyuma ya dramu bila kusalimia, na masikioni alikuwa na spika ndogo nyeusi ambazo hajawahi kuvaa maisha yake yote. Bosi akainama kwenye kompyuta iliyokuwa juu ya meza, akabonyeza. Kishindo akahesabu kwa vijiti, wimbo ukaanza. Na besi ikatoka.

Ilitoka kwenye spika kubwa, safi, nzito, imetulia. Mjomba alikuwa amesimama, mikono imening'inia. Nilikuwa bado najiuliza nani anapiga, mpaka ule uzi ulipolia kama panya.

Bosi alizima. Mjomba akasema, "Hiyo ni mimi."

"Ni wewe kabisa! Nani kasema siyo wewe? Umesikia ilivyokaa? Haichelewi, haiugui, haina msiba, haigombani na mtu."

"Na mimi nifanye nini?"

"Simama, kaka. Simama na gitaa lako kama kawaida, chezesha vidole. Wateja wametuona kwenye picha na hilo gitaa, wanalitaka. Kazi nyepesi kabisa. Unapumzika huku unapata chochote."

Hapo mimi sikuvumilia. Nilipanda jukwaani nikasema huo ni wizi, huyu mtu hakuuza mikono yake, mlimwambia ni kumbukumbu. Nilisema mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Bosi alinitazama kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kushinda.

"Msomi," akasema, "hapa hatuandiki insha. Shuka, utakanyaga nyaya."

Mjomba hata hakutugeukia. Alikuwa anamtazama Kishindo.

"Umeanza lini kupiga na hiyo mashine?"

"Nguzo, nina watoto."

"Watoto wako nawajua kwa majina. Umeanza lini?"

Kishindo alizungusha kijiti kati ya vidole. "Ile safari yako. Ulipokwenda kwa dada."

Kwa hiyo alikuwa akitoka mazoezini, mazoezi ya kujifunza kupiga bila mjomba, ndipo anapiga simu kumuulizia mama yangu hali. Nimelifikiria jambo hilo kwa kila upande. Bosi namwelewa, Bosi ni tajiri mdogo anayetaka kuwa tajiri mkubwa, na sheria zake nilizisoma vitabuni. Zile simu sijazielewa mpaka leo.

Nilitegemea mjomba atafunga mfuko tuondoke. Hakuondoka. Watu waliingia, sherehe ikaanza, na yeye akasimama mahali pake bila waya. Alipiga kila noti. Nilikuwa karibu vya kutosha kuviona vidole, havikukosea hata mahali pamoja, vilikuwa vinafuatana na ile sauti kama mtu na kivuli chake, ila sasa sikujua yupi ni kivuli. Kishindo aliangalia chini. Mimi niliangalia watu. Niliwasubiri wagundue. Nilikuwa na uhakika kwamba mwili wa binadamu hauwezi kudanganywa hivyo, kwamba viuno vitakataa.

Havikukataa. Walicheza kama wamelipwa. Jamaa mmoja jirani yangu alipiga paja lake akasema, "Besi la leo limekaa!" na alikuwa akiitazama spika.

Katikati ya wimbo mjomba alishuka. Aliteremka ngazi za pembeni, gitaa begani, akaingia katikati ya wanaocheza, akasimama pale akisikiliza, kichwa kimeinama upande. Mpiga besi yuko ukumbini, na besi inaendelea jukwaani! Hakuna aliyeshangaa. Bosi alikuwa akiimba huku akimwita kwa macho. Mwanamke mmoja alimgusa bega.

"Kaka, pisha basi, wenzio tunacheza."

Alipisha. Akaufuata mfuko wake nyuma ya jukwaa, nami nikamfuata yeye, tukatoka. Sauti ya besi haizuiliki na ukuta. Sauti za vyombo vingine zilibaki ndani, lakini yeye mwenyewe, ile sauti yake, ilitufuata uwanjani, ikatufuata getini, ikatufuata barabarani kipande kirefu kabla haijatuacha.

"Kwa nini ulisimama?" nikamuuliza. "Kwa nini uliwapa hata wimbo mmoja?"

"Sijawahi kuisikia besi yangu nikiwa mbele ya spika. Siku zote niko nyuma yake."

"Kwa hiyo?"

"Kule studioni nilipiga vizuri." Akahamisha mfuko bega la pili. "Hapo ndipo nilipokosea. Ningepiga ovyo wangenihitaji."

Nilimwambia tutamshtaki Bosi, nitaandika, nitawatafuta wenzangu wanaojua haki za wasanii. Alisema, "Sawa, mjomba," kama unavyomjibu mtu anayekueleza ndoto aliyoota. Nyumbani mkewe alimtazama usoni, akamwekea maji ya kuoga. Mjomba alilipangusa gitaa, uzi baada ya uzi, ingawa halikuwa limetoa sauti yoyote.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa mezani tukinywa chai niliposikia honi ya gari la bendi, ile pikapu ya Bosi, ikisimama nje. Kisha mtu akabisha.

"Hodi, shemeji."

"Hodi tangu lini?" mkaza mjomba akajibu bila kuinuka. "Mlango huu si ulikuwa unauingia kama upepo?"

Kishindo aliingia akasimama karibu na mlango. Alikuwa amenyoa. Aliongea akiutazama mfuko wa gitaa, uliokuwa juu ya kiti chake kwenye kona.

"Leo tuna kazi ng'ambo ya mji. Bosi anasema, kama Nguzo hajisikii kuja, hakuna ubaya. Ila amwazime gitaa. Kuna kijana wa dada yake atasimama nalo. Atalitunza."

Mkaza mjomba akaanza kucheka, akaweka kikombe chini ili asimwage.

"Yaani mume wangu abaki, gitaa liende kazini? Na jioni litarudi lenyewe na unga, au nitume mtu akalipokee?"

"Shemeji, mimi nimetumwa tu."

"Najua. Wewe siku hizi ni wa kutumwa tu."

Mjomba aliinuka, akauchukua mfuko. Kishindo alinyoosha mikono yote miwili kuupokea. Nilisema, "Mjomba, tafadhali, usifanye hivyo," na sauti yangu ilitoka nyembamba, nikaona aibu. Mjomba alikaa kwenye ukingo wa kiti, akalitoa gitaa, akalipakata, akaanza kupiga.

Bila spika, besi ni kitu kidogo sana. Ni lazima mtu anyamaze ili aisikie, na sote tulinyamaza. Ulikuwa mwanzo wa wimbo wao wa kufungulia onyesho, ule ambao besi inatembea peke yake kwanza, inazunguka, inarudi, ndipo dramu inaingia. Alizunguka, akarudi, na pale pa kuingia dramu akasimamisha nyuzi kwa kiganja. Akamtazama Kishindo.

Mikono ya Kishindo ilikuwa bado hewani, imeinuka kidogo juu ya mapaja yake, kama imeshika vijiti. Aliiona mwenyewe. Akaiingiza mifukoni.

Nje honi ililia tena, ndefu.

"Nguzo," akasema Kishindo, "nikamwambie nini?"

"Mwambie gitaa lina mwenyewe, na mwenyewe yuko nyumbani."

Kishindo alisubiri kidogo, labda alitegemea kutukanwa. Hakutukanwa. Akageuka akatoka, na mlango akauacha wazi. Kutoka pale nilipokaa niliiona pikapu yote. Bosi alikuwa mbele, mkono nje ya dirisha, hakutazama upande wetu. Nyuma, kati ya spika na dramu, alikaa kijana mzuri wa sura amevaa shati la jukwaani la mjomba, lile lililobaki stoo, limempwaya mabegani. Kishindo aliinama dirishani akasema maneno machache. Bosi akaupiga mlango wa gari kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu.

Kishindo alibaki amesimama kando ya gari, nami nikasema moyoni, sasa, sasa hivi, rudi ndani. Injini ikanguruma. Yule kijana akasogea kumpa nafasi, na Kishindo akaweka mguu kwenye tairi, akapanda, akakaa.